Sina Wake Wanne

Kabla hamjaendelea kumwamini Mudi, nianze na hili: sina wake wanne. Hesabu kamili ni mmoja wa ndoa, wawili waliogundua, na mmoja marehemu. Malenia simhesabu, yule alikuwa ananipiga tu.

Mudi tangu Jumamosi usiku ameshaweka stetasi tatu kwamba nina wake wanne, moja kanichora na kilemba. Leo asubuhi muuza chipsi wa hapa Area C, Dodoma, kaniuliza kama na mayai aweke ya familia nzima. Basi acheni nieleze mwenyewe, nikiaibika niaibike kwa maneno yangu.

Jumamosi tulikuwa Nkuhungu, ukweni. Kwa ajili ya mahari, siyo matembezi. Mshenga wetu, baba mdogo, kapiga koti la suti kwenye jua lile la saa saba. Mudi alikuja kama mpambe, kazi yake kubeba kreti la soda na kunyamaza. Kreti alilibeba. Ila kwenye gari tulikuwa tumeshabishana tangu Nyerere Square, eti Final Fantasy VII haiwezi kuwa namba moja kwenye gemu za RPG, zile unazoishi kama mhusika ndani ya hadithi. "Gemu ya 1997, watu wana mikono kama matofali!" Anasema hivyo mtoto aliyeanza na The Witcher 3 ya 2015! Hajawahi kubadilisha CD tatu kwenye gemu moja. Hajui uchungu wa kufika kibanda cha gemu na kukuta mtu kasevu juu ya sevu yako kwenye memori kadi ya pamoja.

Mimi hapo ukinigusa sikuachi. Tulipopaki nikajifanya namalizia simu, nikarekodi voisi kwenye grupu letu la gemu, tano bora zangu zote, kwa jazba. (Mnaouliza Chrono Trigger iko wapi: niliisahau. Katika makosa yote ya siku ile, hilo ndilo ninalolijutia kutoka moyoni.)

Tukaingia. Shikamoo zikatembea, na "mbukwenyi" yangu, salamu ya Kigogo niliyoifanyia mazoezi wiki nzima, ikapokelewa kwa vicheko. Shemeji mdogo alikuwa anapiga kwaya kwenye spika, simu yake ikazima chaji. "Shemeji, unganisha yako." Ukweni nani anakataa kitu? Nikaunganisha kwa bluetooth. Tukala ugali wa uwele, kuku na mlenda, kisha kwaya ikapunguzwa iwe ya mbali, wazee wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuingia kwenye ng'ombe, na mimi nikaambiwa nipishe kidogo nje.

Nje kuna mzabibu umetambaa juu ya kichanja. Nikasimama kivulini. Sasa nyie wenyewe mnajua, voisi ukishaituma lazima uisikilize tena, ujisikie ulivyotema madini. Nikabonyeza, simu sikioni. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikapuliza vile vitundu vya chini, maana vumbi la Dodoma haliachi kitu, nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Ndani, vikombe vikaacha kugonga visosa. Ule ukimya niliusikia kwanza. Kisha, kupitia pazia, nikasikia mwanaume anaongea kwa majigambo:

"Namba tano Elden Ring! Malenia kanichapa wiki nzima, na kila akinigusa yeye ndiye anapona! Namba nne Persona 5, mchana naenda shule, usiku natoka na wenzangu kuiba!"

Wadau, nilitabasamu. Wallahi nilitabasamu. Nikasema kumbe hata ukweni kuna mtu wa gemu, ingawa sauti yake mbaya.

"Namba tatu Skyrim. Lydia nimemuoa, nilivaa tu mkufu akakubali, hata mahari sikutoa! Ananibebea mizigo, ananipikia, na kila siku ananikabidhi dhahabu mia. Nitake nini tena?"

Ni pale kwenye "mahari sikutoa" ndipo nilipomtambua mwenye sauti mbaya.

Nikashika simu niizime. Kidole gumba kilikuwa kimenawa haraka haraka, bado kina mlenda kwenye ukucha. Nikabonyeza, kikateleza. Badala ya kusimama, voisi ikarudi nyuma kidogo, na nyumba nzima ikasikia kwa mara ya pili: "...hata mahari sikutoa!"

Nikakimbia ndani na viatu. Mkeka mweupe wa bibi, na mimi na viatu. Baba mkwe kashika kijiti cha meno katikati ya safari, hakijafika mdomoni. Shangazi kajifunika mdomo kwa khanga. Baba mdogo anaangalia feni, na feni yenyewe haizunguki. Mudi kainama kwenye kreti la soda, mabega yanamtetemeka, na spika iko kwenye stendi ya televisheni, kataa kake ka bluu kanapepesa, inaendelea:

"Namba mbili The Witcher 3. Triss na Yennefer nilikuwa nao wote, kila mmoja nimemwambia nampenda, wakagundua, wakanifunga kitandani wakaenda zao! Lakini hawa wote ni kujipoza tu. Namba moja ni Final Fantasy VII, kwa ajili ya Aerith. Alichomwa upanga mbele ya macho yangu, nikamshusha majini kwa mikono yangu mwenyewe, na tangu siku hiyo sijampenda mwingine."

Ikaisha. Ilipoisha, kwaya ikarudi yenyewe, kwa sauti ile ile ya mwisho. "HALELUYAAA!" Kijiti cha meno kikaanguka.

Wa kwanza kuongea alikuwa bibi. Alininyooshea mkono akasema, "Pole na msiba, mjukuu wangu."

Baba mkwe akauliza taratibu, "Huyo Lydia ni wa wapi?"

Na mimi, badala ya kueleza, nikajibu swali. "Whiterun, baba."

Akamgeukia shangazi. "Ni kule kwa kupitia Mpwapwa?"

Mchumba wangu alikuwa jikoni muda wote huo, amekaa chini, anacheka mpaka hawezi kusimama. Naye Skyrim anacheza, na aliimaliza kabla yangu. Angetoka dakika tatu mapema angeniokoa, ila anasema alitaka kujua namba moja ni nani. Alipotoka akawaeleza, akaonyesha picha ya Lydia na ngao yake, wazee wakacheka, baba mdogo akavua koti, mambo yakaisha salama. Isipokuwa mjomba wake mmoja, ambaye mpaka tunaaga alikuwa anauliza gemu gani hiyo watu wanaoana bure.

Karatasi ya mahari ninayo hapa. Chini ya mstari wa blanketi la bibi, kwa mwandiko wa mjomba, imeongezwa: "Ng'ombe wa Lydia, mmoja, jike." Mudi, wewe uliyeleta ubishi wa mikono ya matofali, nusu ya huyo ng'ombe ni yako.