Mayatima wa Nyar Mombasa

Mke wangu ana ndoo ya plastiki ya kilo nne, iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia. Mfuniko wake unabana mpaka ukiufungua unalia "pwa!" Mtu aliyelelewa Kisumu anajua kwamba hiyo si ndoo, ni mali. Naanza na ndoo kwa sababu kwangu mkasa huu hauitwi mkasa wa anemoni, yule mnyama wa baharini. Unaitwa "ile siku ulichukua ndoo yangu".

Naishi mahali ambapo ukisimama kwenye veranda, na jirani akiwa hajaanika mablanketi, unaliona ziwa. Maji baridi ya Mungu, yamejaa ngege na mbuta. Mimi na akili zangu nikaamua kufuga bahari. Niliweka tangi la lita 90 sebuleni, pale palipokuwa na kabati la vyombo, na kila wiki nikawa nabeba mitungi ya lita 20 ya maji yaliyosafishwa, napima gramu 35 za chumvi ya akwaria kwa kila lita, na kuacha pampu ikoroge usiku kucha. Chumvi ya jikoni haifai, haina yale madini mengine ya baharini. Dada wa duka la maji alivumilia miezi miwili, kisha akashindwa.

"Pole, ndugu yangu. Kwenu kuna mgonjwa?"

"Hapana, ni maji ya samaki."

Akatazama upande wa ziwa, akanitazama mimi, akanipa chenji bila neno.

Kuna na suala la feni. Wafugaji wa nchi za baridi hununua hita. Kisumu, saa nane mchana mwezi wa pili, tangi hupanda mpaka nyuzi 30, na wenyeji wake wanataka 25 au 26. Kwa hiyo feni pekee ya nyumba iligeuzwa ikatazama maji. Mke wangu alikaa kwenye kochi akijipepea kwa gazeti, na samaki wawili wakipigwa na upepo kama wabunge.

Samaki hao ni wale jamii ya klaunfishi wa pwani yetu, weusi-weusi wenye mistari myeupe na mapezi ya chungwa. Niliwaita Otieno na Omondi. Jamaa wa Mombasa aliyeniuzia alicheka: hawa wote huanza maisha wakiwa madume, na ukiwaweka wawili, aliye mkubwa anageuka kuwa jike. Sikumwamini. Leo Otieno ni Atieno, na Omondi anajua kabisa nani anashika usukani.

Samaki hao wanapenda kulala ndani ya anemoni. Usidanganyike na umbo lake la ua. Ni mnyama, ana mguu mmoja wa kushikilia mwamba, minyiri inayouma vijisamaki, na mdomo mmoja ambao ndio huo huo mlango wa nyuma. Klaunfishi ana ute unaomkinga asiumwe. Nikaagiza anemoni mmoja, yule ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama balbu ndogo. Alisafiri kwa basi la usiku zaidi ya kilomita 800, ndani ya mfuko wa maji ulioshindiliwa oksijeni, ndani ya boksi la barafu lisilo na barafu. Kondakta alitaka kujua amwandike mzigo au abiria.

Alikuwa mzuri, tusidanganyane. Kijani kinachoelekea dhahabu, mwanga ukimpiga anang'aa. Atieno alimzunguka siku tatu, siku ya nne akajitupa ndani akajiviringisha kama mtoto kwenye blanketi. Mke wangu, aliyekuwa amehesabu gharama ya tangi, taa, chumvi, feni na nauli ya basi, ndiye aliyempa jina la Kijaluo, yaani binti wa Mombasa.

"Kama umeniletea mke mwenza, sema tu. Karibu, Nyar Mombasa."

Nilikuwa na mipango mikubwa juu ya Nyar Mombasa. Anemoni wa aina yake hujigawa wenyewe, mmoja anakuwa wawili. Wenye haraka humkata kwa wembe katikati, kila nusu ibaki na kipande cha mdomo, na zikitunzwa vizuri zinapona. Nilishapiga hesabu kwenye daftari: mmoja, wawili, wanne, wanane, kila mmoja kwa bei ya mbuzi. Kufikia ukurasa wa pili nilikuwa nimenunua shamba Kibos.

Jambo nililosoma nikalipuuza ni hili: anemoni asipopapenda mahali anahama. Anaburura ule mguu wake usiku, polepole, na watu wenye busara huziba mdomo wa pampu kwa sponji. Mimi nilisema sponji itaharibu sura ya tangi.

Usiku mmoja wa Novemba stima zilipotea, zikarudi saa tisa za usiku. Nahisi Nyar Mombasa alikuwa ameegemea pampu gizani akipumzika. Asubuhi nilikuta maji yamekuwa uji wa mchele, pampu inakohoa, na sebule inanuka kama mapipa ya sokoni Jumatatu. Vipande vyake vilikuwa vinaelea kote. Atieno na Omondi walikuwa juu kabisa wakihema. Nilibadilisha maji nikiwa na bukta, nikilia kidogo, na mke wangu akinimulikia tochi. Kwa heshima yake, siku hiyo hakusema kitu. Ila feni aliigeuza.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa maana hapa ndipo akili yangu ilipoacha njia.

Wiki mbili baadaye, kwenye mwamba wa nyuma, niliona kitu chenye ukubwa wa punje ya mahindi. Kina mguu, kina minyiri. Kando yake kingine. Pembeni ya chujio, cha tatu. Nikapiga kelele mpaka jirani akabisha mlango. Nyar Mombasa hajafa! Si nilisoma kwamba ukimkata anaota upya? Pampu ndiyo iliyofanya kazi ya wembe! Vipande vilivyosambaa vilikuwa vimekuwa watoto.

Niliwaita mayatima. Kweli, hawakufanana sana na marehemu mama yao. Walikuwa rangi ya chai ya maziwa, wembamba, minyiri mirefu iliyochongoka, hakuna balbu. Nikasema ni utoto. Ukiwagusa walifyonzwa ndani ya tundu la jiwe kabla kidole hakijafika. Mama yao hakuwa na mbio kama hizo. Nikasema ni woga, wameona mengi. Na Atieno hakuwakaribia hata mara moja, alilala kwenye kona karibu na hita isiyotumika. Nikamwambia mke wangu kwamba samaki yuko kwenye matanga.

Niliwalisha omena. Niliroweka omena, nikaondoa vichwa, nikasaga laini, nikavuta kwa bomba la sindano na kumdondoshea kila yatima mdomoni, mmoja mmoja, kila jioni baada ya taarifa ya habari. Minyiri inajikunja, inafunika tonge, inatulia. Utapenda. Ndani ya nyumba hiyo hiyo watoto wangu wa kuzaa walikuwa wanajipakulia wenyewe.

Basi wakazaana. Watatu wakawa kumi na moja. Nikaona wanachelewa, nikachukua wembe nikaanza upasuaji: nawabandua, nawaweka kwenye sahani, nawakata, nawarudisha. Hakuna aliyekufa. Hata waliokatwa vibaya, hata wale ambao kipande kilinitoka kikaangukia nyuma ya mwamba, wote waliishi. Nilianza kujiona nina mkono. Mwezi wa pili nilikuwa nimehesabu 61, na majirani wakija nawaonyesha huku nimefunga mikono nyuma kama daktari mkuu anayepita wodini.

Nina rafiki Nakuru mwenye tangi lililonizidi kwa kila kitu, matumbawe laini ya miaka mitatu yanapepea kama nyasi za Menengai. Nikasema huyu ndiye wa kupewa zawadi. Nikachagua mayatima kumi na wawili wenye afya, na chombo pekee kilichofunga vizuri kilikuwa kile mnachokijua.

"Hiyo ndoo irudi," alisema mke wangu kutoka jikoni. Hakuwa ameniona. Alisikia "pwa!"

Nilipofika Nakuru rafiki alikuwa kazini. Nilimkuta kijana wake, nikamwelekeza azoeshe maji polepole, aongeze kikombe baada ya kikombe, halafu amimine wote taratibu juu ya mwamba. Kijana ana nidhamu, alifanya kama nilivyomwambia. Kwa haraka ya kuwahi matatu, ndoo niliisahau.

Pasaka ikafika, na mjomba wangu akaja kula. Mjomba amevua samaki Dunga tangu mimi sijazaliwa, na tangi langu alikuwa hajawahi kulisamehe. "Ziwa liko hapo," husema kila akija. "Wewe unanunua maji, unayatia chumvi, na samaki wenyewe hamli." Lakini siku hiyo alivaa miwani, akainama, akatazama muda mrefu. Mayatima walikuwa wamefunika mwamba wote, wamepanda kioo, wamekaa mpaka juu ya pampu iliyomuua mama yao.

"Hii ulipanda?"

"Hapana, mjomba. Zilikuja zenyewe."

"Ukikata?"

"Zinaongezeka!" nikasema, kifua mbele.

"Na hao samaki wako wanaikaribia?"

Nikanyamaza.

Mjomba akavua miwani. "Kijana, hii ni gugumaji."

Akakaa, akaomba chai, akaanza. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, gugumaji lilipoanza kuonekana upande wetu, watu walisema ni ua zuri, la zambarau. "Tulilichuma tukapamba kanisa," alisema. "Mama yako aliliweka kwenye beseni nje ya mlango." Miaka michache baadaye boti zilikuwa hazitoki, nyavu zinararuka, mtu anaweza kukaa gatini siku nzima akitazama majani mahali palipokuwa na maji. Ukilikata linasambaa. Mpaka serikali ikaleta wadudu, fukusi, walitafune. "Na wewe," alimalizia akinielekezea kijiko, "mtoto wa Kisumu, umelilisha omena."

Mungu ana vichekesho vyake: chai ya mjomba haijapoa, simu ikaita. Nakuru.

"Buda," alisema rafiki yangu kwa sauti ya mtu aliyehesabu mpaka kumi kwanza. "Uliniletea nini?"

Ndipo nikasikia jina aiptasia kwa mara ya kwanza. Ni anemoni pia, lakini ukoo mwingine kabisa, kwekwe ya matangi ya bahari. Husafiri amejificha kwenye mawe yanayotoka baharini, yale niliyonunua siku ya kwanza, vipande vya mguu wake vinavyobaki kwenye mwamba huota, ukimkata unamsaidia. Huuma matumbawe mpaka yanajikunja na kufa. Matumbawe yake ya miaka mitatu yalikuwa yameanza kujikunja. Na vipande vya Nyar Mombasa, akanieleza taratibu kama anayetoa habari ya msiba, vilioza siku ile ile nilipobadilisha maji.

Nilikumbuka niliwahi kusoma kwamba wanasayansi wanafuga aiptasia maabara makusudi, kwa sababu haifi ovyo na inawasaidia kuelewa jinsi matumbawe yanavyoishi na mwani. Nikamwambia, kama njia ya kujitetea.

Akakata simu.

Vita vilianza Jumatatu ya Pasaka. Nilinunua bomba kumi na sindano zake, na mwenye duka la dawa akanitazama mikono yote miwili. Kwanza ndimu: unamkaribia polepole, unamchoma mdomoni kabla hajaingia tundu, unasukuma. Wanane walikufa siku hiyo na mimi nikanuka kama kachumbari. Siku ya pili siki, nikazidisha, Atieno akaanza kuogelea kimshazari, nikaacha. Siku ya tatu nilitoa mawe madogo nikayamwagia maji ya moto kutoka kwa birika. Jioni hiyo nilihesabu waliobaki. Walikuwa 70.

Kisha nikafuata ushauri wa mjomba, nikatafuta fukusi. Kuna kamba wadogo wenye mistari myekundu wanaosifika kwa kuila aiptasia, nikaagizia watatu kutoka Mombasa, basi lile lile, kondakta yule yule. Usiku wa kwanza walikula mayatima wanne. Nilikaa mbele ya kioo na tochi nikiwashangilia. Usiku wa pili mtoto wangu mdogo, aliyenionea huruma kwa kuacha kulisha, alidondosha tonge la omena ndani ya tangi. Kamba walionja. Tangu hapo hawajagusa yatima hata mmoja. Wanakaa chini ya mwamba jioni, baada ya taarifa ya habari, wamenyoosha vikono juu wakingoja.

Jana nilipigiwa simu na ofisi ya matatu, nina mzigo kutoka Nakuru, umeandikwa jina la mke wangu. Alikwenda mwenyewe. Alirudi akiimba, ndoo kwapani, haina hata mkwaruzo. Akaiweka mezani, akaisifu familia ya rafiki yangu kwa malezi, kwamba wanajua chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.

Nikaiinua. Ilikuwa nzito. Nikaitikisa kidogo, nikasikia maji.