Kwenye mkutano wa IEP (mpango wa elimu wa mtoto mwenye ulemavu Marekani), ukimya wa mzazi huhesabiwa kuwa kukubali

Nyumbani tumelelewa tukijua kwamba ukishamkabidhi mtoto kwa mwalimu, kazi yako ni kununua sare, kutoa michango na kuitika ukiitwa. Mzazi mwenye maswali mengi huonekana mkorofi. Heshima hiyo naithamini. Lakini kwa sisi tunaolea watoto Marekani, hasa mtoto mwenye usonji, mtindio wa ubongo au aliyechelewa kusema, inamgharimu mtoto miezi, pengine mwaka mzima, na umri wa miaka mitatu hadi sita haurudi.

Sheria inayotawala jambo hili huku ni IDEA, sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ambayo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1975. Mtoto mwenye ulemavu anayehitaji elimu maalumu anaipata bila malipo tangu anapotimiza miaka 3, na chini ya hapo kuna huduma za mapema zinazosimamiwa na jimbo. Uhamiaji hauingii hapa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba shule za umma haziwezi kumfungia mtoto mlango kwa sababu hana makaratasi ya uhamiaji. Nalitaja hili kwa sababu wapo wazazi wanaoogopa kuandika barua yoyote yenye jina lao, na bila barua mara nyingi hakuna kinachoanza.

Ukimwambia mwalimu mlangoni, "Mwanangu bado haongei," atakusikiliza kwa upole na pengine hakuna kitakachofuata. Siku 60 za kumfanyia mtoto tathmini, au muda ambao jimbo lako limejiwekea, huhesabiwa tangu shule ipokee fomu ya ridhaa yenye saini yako. Kwa hiyo andika barua au baruapepe kwa mkuu wa shule, nakala kwa ofisi ya elimu maalumu ya wilaya. Weka tarehe, jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, kisha sentensi moja isiyozunguka: naomba mwanangu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu. Ongeza mambo matatu au manne unayoyaona kwa macho: haitiki akiitwa jina, anatembea kwa ncha za vidole, haombi maji kwa neno bali anakuvuta mkono. Waambie unahitaji mkalimani. Baki na nakala. Shule ikikataa kumpima, inapaswa kukupa sababu zake kwa maandishi, na karatasi hiyo ndiyo utakayoishika ukitaka kupinga.

Jibu linalowakwamisha wengi wetu ni hili: "Tusubiri kwanza azoee Kiingereza." Linasikika la busara, na kuna watoto ambao kweli ni wageni wa lugha tu. Ila mtoto mwenye tatizo la lugha huonyesha tatizo hilo katika lugha zake zote. Kama ana miaka minne na hata kwa Kiswahili haungi maneno mawili, hafuati "lete kiatu," basi Kiingereza siyo sababu, na mtu pekee mwenye ushahidi huo ni wewe. Sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha itakayoonyesha uwezo wake halisi, pale inapowezekana. Na kinyume chake pia useme: kama nyumbani anasimulia na kubishana kwa Kiswahili, waambie, asije akabandikwa ulemavu asio nao.

Hapo taja lugha yenu ya kweli. Kwenye fomu familia nyingi kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, huandikiwa "Kiswahili," kumbe nyumbani ni Kibembe au Kinyamulenge, na mkalimani wa simu anaongea Kiswahili cha Nairobi. Nusu ya mkutano inapotea. Mkalimani ni wa bure na ni wajibu wa shule, kwa hiyo asikalishwe kaka yake wa darasa la saba kutafsiri mambo ya mdogo wake.

Mtoto akikubaliwa kuwa anastahili elimu maalumu, kikao cha kuandika IEP, yaani mpango wake binafsi wa elimu, kinatakiwa kifanyike ndani ya siku 30. Utakuta mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwakilishi wa wilaya na mtu wa kueleza majibu ya vipimo. Wanazungumza haraka, wanatabasamu, saa moja imekwisha. Omba ripoti na rasimu siku kadhaa kabla, na uzisome sehemu mbili kwa makini.

Ya kwanza ni malengo. "Ataboresha mawasiliano" siyo lengo, maana hakuna siku utakayoweza kusema limefikiwa au halikufikiwa. Lengo ni hili: ifikapo Mei ataomba anachotaka kwa maneno mawili au kwa picha, mara 4 kati ya 5, bila kusaidiwa. Ya pili ni dakika za huduma. Iandikwe tiba ya usemi dakika 30, mara 2 kwa wiki, peke yake au na wenzake wangapi, darasani au chumba kingine. Ukiona "kadiri itakavyohitajika," omba ifutwe. Mtaalamu akiugua au akihama, maneno hayo hayamdai mtu chochote.

Kisha saini. Uliza: hii ni ya kuhudhuria au ya kukubali? Mara ya kwanza, huduma haziwezi kuanza bila ridhaa yako ya maandishi. Miaka inayofuata, katika majimbo mengi, mpango mpya huendelea hata usiposaini, mradi hukupinga. Ndipo ukimya wetu wa adabu unapogeuka ndiyo. Ruksa kusema, "Nitaichukua niisome nyumbani." Hakuna atakayeona umemvunjia heshima.

Ndugu wakipigiwa simu husema, "Hata baba yake alichelewa kusema, mleteni kwa bibi yake." Kwa bibi kuna mapenzi na watoto wa kucheza nao mchana kutwa, na huku Marekani hilo tunalikosa kwelikweli. Lakini mtoto wa miaka miwili akirudishwa, huduma za mapema zinamkatikia wakati zinapofaa zaidi.

Nyumbani nako sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na walimu wa elimu maalumu wanasomeshwa Patandi, Arusha. Kenya ina vituo vya tathmini tangu 1984 na KISE, chuo cha elimu maalumu, tangu 1986. Ninachokiona kimepungua zaidi ya fedha ni saa inayohesabu, yaani siku ambayo shule inadaiwa jibu. Mzazi anapeleka mtoto shule yenye kitengo cha elimu maalumu, anaambiwa nafasi hakuna au arudi mwakani, na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alikuja. Afisa elimu maalumu wa halmashauri hawezi kumfuatilia mtoto ambaye ombi lake halijaandikwa popote.

Kuandika barua yenye tarehe, nakala ikagongwa muhuri na masijala, hakuhitaji bajeti ya Marekani. Wala daftari la kwenda na kurudi kati ya mama na mwalimu wa kitengo: leo ameomba kwenda chooni mara mbili, amekaa kwenye mkeka dakika kumi, amekula mwenyewe kwa kijiko. Mwalimu huyo pengine ana watoto wa umri na ulemavu tofauti kwenye chumba kimoja, na hawezi kukumbuka yote kwa kichwa. Mistari mitatu kwa siku inatosha, na mzazi aandike yake jioni, kwa sababu anachokifanya mtoto nyumbani mwalimu hakioni.