Nauli ya Upupu

Kama una shangazi anayejua dawa, usiende naye mahali ambapo kijana mdogo analipwa kumfundisha dawa. Mi nawaambia tu. Na tuelewane kabisa, sikumpeleka mimi, alinipeleka yeye. Aliona tangazo kwa simu ya jirani kwamba kuna matembezi ya kuonyeshwa mitishamba na mboga za porini kule msitu wa Arabuko-Sokoke, chai na mahamri ndani ya bei, akataka mtu wa kumbebea maji. Mi hapo nilisikia mahamri, mengine sikusikia.

Kwa asiyeujua, huu msitu uko barabara ya Malindi kwenda Mombasa, ukishapita Gede kidogo tu. Ni mkubwa, kama kilomita za mraba 420, na ndovu wamo ndani, ndio maana kuna seng'enge ya umeme. Tulifika asubuhi, jua halijakolea lakini kaskazi ishaanza kuvuma na kila kitu kimekauka kinalia chakachaka. Hiyo kaskazi iwekeni akilini.

Kundi letu lilikuwa na wanafunzi wa chuo, mama mmoja na bintiye, na mzee wa Kitaliano na mkewe, soksi zimewafika magotini. Shangazi akawaamkia kwa Kitaliano, maana ameuza matunda sokoni maisha yake yote na Malindi hata muuza ndimu anajua Kitaliano cha kupatana bei. Wale wazee wakafurahi, wakamganda yeye. Kiongozi wetu naona hakupenda.

Akaanza na mkilifi, hapo hapo nje. Akasema asili yake ni Bara Hindi, wengine wanauita mwarubaini kwa sababu unatibu maradhi arubaini. Shangazi akasema, "Haya mwanangu, yataje." Kijana akacheka. Shangazi hakucheka. Akamngoja. Kijana akataja malaria, minyoo, upele, akaongeza ukurutu, ambao shangazi aliukataa akasema huo ni upele huo huo usihesabu mara mbili, basi tukasimama pale mpaka Mtaliano akaanza kutazama saa.

Mbele kidogo kulikuwa na mkunazi. Kijana akasema kunazi zinaliwa, tamu, jaribuni, alikuwa ameziokota za kuonja kwenye kikombe. Mzee wa Kitaliano akatia moja mdomoni. Shangazi, kwa moyo safi kabisa wallahi, akamweleza kwa ishara na kile Kitaliano chake cha soko kwamba majani ya mti huu sisi ndio tunaoshea maiti. Yule mzee alisimama na kunazi shavuni, hatafuni hatemi, macho yanamtembea.

Kwenye mchunga ndio ilikuwa vita. Kijana akasema mboga hii ni chungu, kwa hivyo uichemshe kwanza halafu umwage maji. Shangazi akashika kiuno. "Ukimwaga maji umekula nini? Si umekula nyasi?" Akatoa darasa zima pale la tui, jepesi linatangulia zito linatiwa mwisho na usifunike sufuria, na wale wanafunzi mmoja akawa anaandika kwenye simu. Kuandika ya kijana hakuandika.

Tukakuta mavi ya ndovu njiani. Shangazi akauliza kama yanachukulika, kuna mtoto mtaani ana degedege ataka kumfukizia. Kijana akasema hapana mama, huu ni msitu wa hifadhi, hapatolewi kitu. "Hata mavi?" "Hata mavi mama." Shangazi akanitazama kwa jicho lile la nchi imeharibika.

Sasa. Upupu.

Ulikuwa umetambaa juu ya kichaka pembeni ya njia, makoba yake makavu yananing'inia, kila moja urefu wa kidole, limejikunja kidogo, limevaa manyoya ya dhahabu yanayong'aa kwenye jua utadhani mahameli. Ukiangalia kwa karibu (mi niliangalia kwa mbali) yale manyoya ni vijisindano, upepo ukipita vinapeperuka vyenyewe. Kijana akaturudisha nyuma wote. Hapo kwa mara ya kwanza yeye na shangazi wakakubaliana. Halafu akaharibu. Akasema lakini ndani ya koba kuna mbegu, na hizo mbegu zina levodopa, ile ile wanayopewa hospitali wagonjwa wa Parkinson, wale wa kutetemeka mikono.

Nikamwona shangazi ameganda.

Mumewe, Ami tunavyomwita, mkono wake una muda unatetemeka. Akishika kikombe kinagonga kisahani mpaka unasikia uko uwani. Kijana akaendelea kusema si ya kujipikia nyumbani, inagombana na dawa nyingine, na kipimo chake ni cha daktari, lakini alikuwa anawaambia Wataliano. Shangazi alikuwa ashaacha kusikiliza kwenye neno kutetemeka.

Sikumwona akichuma. Baadaye alijitetea kwamba alishikia majani mapana mkononi, akalifunga koba ndani ya majani hayo, halafu akalifunga pindoni mwa leso. Pindoni mwa leso, jamani. Pale pale anapofunga pesa.

Tukanywa chai, mahamri yalikuwa mawili kila mtu na baridi, tukatoka barabarani tukapata matatu ya Malindi. Joto. Najikausha jasho kwa mkono, shangazi kwa huruma yake akanipa leso, "Chukua mwanangu, jifute." Nikajifuta shingo. Nikajifuta uso. Nikajifuta na nyuma ya masikio, mtu msafi mimi.

Makanga akaja na nauli. Shangazi akafungua fundo, akachopoa noti ya mia mbili, akafunga tena. Makanga akaipokea, akaikunja kwa urefu akaitia baina ya vidole na zile nyingine kama wanavyofanya, halafu abiria wa nyuma akampa elfu, sasa anatafuta chenji mikono imejaa, ile mia mbili akaishika kwa meno.

Mimi shingo ilishaanza. Kwanza ni kama mdudu anatembea. Halafu ni wadudu wote. Nikajikuna, ikazidi, ikashuka kifuani. Shangazi bila kugeuza kichwa akanong'ona, "Usijikune." Hapo ndio nikajua. Mtu asiyejua kitu angeuliza una nini.

Makanga akasema, "Mbona mdomo wangu..." hakumaliza. Akawa anajisugua kwa mkono ule ule wenye noti. Chenji ishagawanywa gari nzima. Mama mmoja ameitia kifuani, mwanafunzi ameitia mfuko wa shati na mkono amejipangusa jichoni. Madirisha wazi, kaskazi inaingia inatoka. Mtoto akaanza kulia. Mzee mmoja akasema ni jini, akaanza kusoma. Dereva alikuwa hajawashwa lakini alipopewa pesa za mafuta naye akajiunga, akaegesha gari Msabaha kabla hajatuua.

Shangazi akashuka wa kwanza kama amiri jeshi. "Hakuna kutia maji! Maji yataisambaza! Majivu!" Palikuwa na mama anachoma mahindi, akamwingilia jiko lake bila hodi, akachota majivu ya pembeni yaliyopoa akaanza kuwasugua watu mmoja mmoja, na watu wanapanga foleni wanamwombea dua, mama Mungu akuweke, mama umetuokoa. Hakuna aliyeuliza upupu umetoka wapi. Mi nilitaka kusema, akanipaka majivu mdomoni.

Makanga, mdomo umemvimba kama amekula nyuki, akamrudishia ile mia mbili ameibana kwa vijiti viwili. "Mamangu wewe panda bure." Akapanda.

Nyumbani tulifika rangi ya saruji. Leso iliachwa nje ya mlango juu ya jiwe. Ami alikuwa barazani na kikombe chake, kinagonga kisahani kama kawaida, akatutazama, akauliza mnatoka kuzikwa? Shangazi akamweleza yote, msitu, mbegu, Parkinson, kwamba amejitia hatarini kwa ajili ya mkono wake yeye.

Ami akakohoa. Akasema, mke wangu, mimi hospitali nilikwenda kitambo, daktari akanipima akaniambia ni kahawa. Nilikunywa nyingi mno. Niliona nikikwambia utaninyima.

Shangazi alimtazama. Akamtazama na yule muuza kahawa anayepita na dele lake saa hiyo hiyo, njugu na kashata sinia nyingine. Halafu akaniambia mimi, "Nenda kalete ile leso."