Jinsia ya mtu isijazwe kwa kukisia

Mie hili la jinsia kwenye Wikidata linanikera muda sasa, leo naliandika. Wikidata kwa asiyeijua ni hazina ya data, ndugu yake Wikipedia, ilianza Oktoba 2012, yeyote anaingia anajaza, na data zake ziko huru kabisa kwa hiyo kinachoandikwa pale kinachukuliwa na programu za simu, watafiti, mashine za kutafutia, kila mtu. Kosa likishatoka pale kulifuata kote lilikofika ndo huwezi tena.

Fungua ukurasa wa mtu yeyote pale, teremka mpaka kwenye jinsia, halafu bonyeza uone chanzo. Mara nyingi utakuta imeandikwa imeingizwa kutoka Wikipedia ya lugha fulani, au hamna kitu. Kuna mpaka alama maalumu ya kuambatanisha kusema jinsia hii imekisiwa kutokana na jina la mtu, yani kukisia kumeshawekewa utaratibu wake! Haya njoo Unguja ukisie. Riziki wapo wanawake wapo wanaume. Bi Kidude ni Fatuma binti Baraka, programu isiyojua kazi ya hilo "binti" itamchukua Baraka, na sijui itampeleka wapi.

Na hao ni wale wepesi. Kuna watu ambao hata ukikaa nao uso kwa uso si haki yako kuwaamulia. Tuliosoma mirathi chuoni tunajua habari ya huntha, mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyobainika kuwa ya kiume au ya kike, na mashekhe wa Kishafii hawakuona tabu kusema haijabainika: anapewa fungu lile la uhakika, yani asilolikosa awe mwanamume au mwanamke, kilichobaki kinazuiliwa mpaka hali yake ijulikane au warithi wapatane. Watu waliokuwa wanagawa mashamba na nyumba, mali za watu, waliweza kusubiri, sasa wewe unayejaza kidirisha cha kompyuta haraka ya nini? Na Wikidata yenyewe inaruhusu kuandika kuwa thamani haijulikani, inaruhusu kuacha wazi, inaruhusu zaidi ya mwanamume na mwanamke. Nafasi ipo, haitumiki tu.

Kwa walio hai ndo naogopa zaidi. Mtu aliyejitangaza mwenyewe hana utata, mfano Chelsea Manning, yule askari wa Marekani aliyevujisha siri za jeshi, alisema Agosti 2013 kuwa yeye ni mwanamke, na hata hivyo Wikipedia ya Kiingereza ilivutana mpaka Oktoba kuhusu jina la ukurasa wake, jambo ambalo kwangu halikuhitaji mvutano wote ule. Lakini mtu wa huku ambaye hajasema lolote, akaja mgeni aliyekaa mbali huko akamwandikia kuwa kabadili jinsia kwa sababu kaona picha au kasikia maneno, huyo anaishi Mlandege au Chake na wazee wake, na jirani zake, na sheria zetu zinaadhibu mapenzi ya jinsia moja na watu hawakai kutofautisha hili na lile. Unamvua sitara yake halafu unafunga kompyuta unalala. Hapana jamani.

Wapo wanaosema basi jinsia ifutwe kabisa. Mwaka 2022 kikosi cha wakutubi wa Marekani kilipendekeza wenzao waache kuiandika kwenye rekodi za majina ya waandishi, na sababu zao nazielewa, ila kwa Wikidata mie sikubaliani. Tukiifuta tutajuaje wanawake wetu hawamo? Wale wa Women in Red, walioanza 2015 kuandika wasifu wa wanawake waliokosekana Wikipedia, orodha zao zinategemea sana sehemu hiyohiyo. Siti binti Saad anajulikana, sawa, lakini walimu, wakunga na waimbaji wa vikundi vya wanawake ambao hawana hata sentensi moja ni wengi mno, nataka wahesabike.

Kwa hiyo vijana wetu mnaojaza kwa Kiswahili naomba hivi: kama mtu yuko hai, jinsia iwe na chanzo, na chanzo kizuri kuliko vyote ni maneno yake mwenyewe. Ukiikuta imekisiwa kwa jina na hakuna kingine cha kuithibitisha, iondoe, uandike kwenye ukurasa wa majadiliano kwa nini umeiondoa, mana asipoelezwa atakuja mwengine kesho aijaze vilevile.