Wifi Aliuliza Habari za Daftari

Juma lililopita wifi yangu, mwenye mimba ya miezi mitano, aliniuliza: "Wifi, nikipimwa virusi vya UKIMWI, jina langu litaandikwa wapi, na nani atalisoma?" Hakuuliza kama kuna dawa. Dawa anajua ipo.

Hofu yake ina asili. Februari 2015, Uhuru Kenyatta, Rais wa Kenya wakati huo, aliwaagiza makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi na habari za walezi wao, pamoja na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Nakubali, serikali isiyojua idadi haiwezi kupanga dawa. Lakini idadi haihitaji jina! Kamishna si daktari. Chini yake yuko chifu, chifu ana wazee wa mtaa, na mzee wa mtaa ni jirani wa mama mkwe. Habari ikishuka ngazi hizo, mama atakuwa ameshafungashiwa virago kabla hajameza kidonge cha kwanza.

KELIN, shirika la kutetea haki za afya, na wenzao walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba kukusanya habari kwa namna inayounganisha jina la mtu na hali yake kunavunja haki ya faragha. Uamuzi ulikuwa mzuri, ila tangazo la 2015 lilisikika hadi vijijini, na hukumu wameisikia wachache.

Tanzania nako, sheria ya 2008 inamtaka aliyekutwa na virusi amweleze mwenzi wake mara moja. Anayepimwa kwanza ni mwanamke, kwa sababu ya kliniki, basi ndiye anayeambiwa ameleta ugonjwa nyumbani.

Kinachoniuma ni mtoto. Mama mwenye virusi asipotibiwa, katika watoto 100 kati ya 15 na 45 huambukizwa. Akitumia dawa ipasavyo, hawafiki 5. Kila mama anayegeuka langoni kwa kuogopa daftari anamrudisha mtoto wake kwenye hesabu ile ya kwanza, na sisi tuliomtisha hatuitwi popote kujibu.

Nilimsindikiza Jumanne. Nesi alifunika mistari ya akina mama wengine kwa karatasi ndipo akamwandika, akamweleza daftari hufungiwa wapi na nani ana ufunguo. Wifi akanyoosha kidole kichomwe. Alipotoka hakuniambia majibu, nami sikumuuliza.