Kunguru wa Mombasa: ruhusa ya kuua na namna ya kuua

Shangazi yangu anaishi Kibokoni, Mji wa Kale, na hufuga kuku kwenye ua mdogo nyuma ya jiko. Vifaranga wakianguliwa, huwafunika kwa tenga, akaweka jiwe juu, kisha akaketi karibu na fimbo mkononi. Hata hivyo hupoteza. Ramadhani iliyopita waliangulika kumi na mmoja, wakabaki wanne. Kunguru huja wawili. Mmoja hutua mbele ya mama kuku, akamchokoza mpaka kuku amkimbize. Mwenzake hushuka nyuma, akanyakua. Ukimuuliza shangazi kuhusu mpango wa serikali wa kuwaua kunguru, hujibu neno moja: wamechelewa.

Mpango wenyewe ulitangazwa Juni 2024. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilisema linakusudia kuangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka ule kwisha. Walengwa ni kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, wale wa kutoka Bara Hindi, ambao walifika Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa miaka ya 1940. Inasemekana waliletwa Zanzibar ili wale taka. Wamezila, na wameendelea na vingine: mayai ya kwera, makinda ya chozi, vifaranga vya watu, chakula mezani kwa wageni wa hoteli. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, amepungua sana katika miji ya pwani kwa kusukumwa na huyu mgeni.

Kwa hiyo kwamba wapunguzwe, mimi sina ubishi. Ninalotaka kulijadili ni namna, kwa sababu hapo ndipo mjadala wetu huishia kabla haujaanza. Kunguru hafugiki, ndivyo tusemavyo, na kiumbe asiyefugika hana bwana wa kumtetea.

Sumu inayotumika inaitwa Starlicide. Ilibuniwa Marekani katika karne iliyopita dhidi ya ndege waharibifu wa huko. Huchanganywa na nyama, baada ya kunguru kuzoeshwa kwa siku kadhaa kula chambo kisicho na kitu mahali palepale. Akishameza, hakuna kinachoonekana. Huruka akaenda zake. Sumu huharibu figo, uchafu wa mwili ukajaa kwenye damu, ndege akazubaa, akaacha kula, akafa baada ya saa kadhaa, pengine siku moja au mbili. Mara nyingi hufia kwenye mti anakolala, mbali na pale alipokula chambo.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Sumu hii huvunjikavunjika ndani ya mwili wa ndege, hivyo paka au mwewe akila mzoga, hatari kwake ni ndogo. Hupiga kunguru kwa dozi ambayo ndege wengine wengi huihimili. Na hakuna njia nyingine inayofika mbali: bunduki haipigwi katikati ya Majengo, kiota kikibomolewa hujengwa kingine, na mtego hunasa wa mwanzo wasiojua huku waliobaki wakijifunza kuukwepa. Kunguru ana akili. Angeona mwenzake anaanguka palepale kwenye chambo, asingerudi hapo tena.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Maana yake ni kwamba ule ucheleweshaji wa kifo ndio unaoifanya sumu ifanye kazi. Lau ingeua mara moja, ingeua wachache. Tunapokubali Starlicide tunakubali saa nyingi za ndege kuoza figo akiwa hai, na tunazikubali kwa hesabu. Afisa anayesema ni njia isiyo na ukatili hatuambii kweli. Anayesema ni ukatili mdogo kuliko mwingine, huyo tunaweza kuzungumza naye.

Nami nimeuona huo mwingine. Mwaka juzi mtaani kwetu mtu alitega nyama yenye dawa ya panya juu ya ukuta, kwa hasira ya vifaranga wake. Niliporudi kutoka msikitini alfajiri nilimkuta kunguru mmoja kwenye kichochoro, mabawa yametandazwa kama nguo iliyoanikwa chini, mdomo wazi, jicho likinifuata kila nilipohama. Watoto wa chuoni walikuwa wakimchokonoa kwa kijiti. Kabla ya adhuhuri walikufa paka wawili pia. Serikali ikikaa kimya, mambo huwa hivyo: kila mwenye hasira anajitwalia sumu yake, na hakuna anayepima dozi wala kuokota kilichobaki. Kwa hiyo wanaodai kwamba utu ni kuwaacha kunguru wawe, nao hawajautazama mji huu vizuri.

Kwetu Mombasa wengi hulimaliza jambo hili kwa dini. Kunguru ametajwa miongoni mwa wanyama watano wadhurifu ambao hadithi imeruhusu wauawe, hata na aliyehirimia Hija. Ni kweli. Lakini Mtume huyohuyo, katika hadithi mashuhuri, amefundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani juu ya kila kitu, na kwamba tunapoua tuue vizuri, na mchinjaji anoe kisu chake amstareheshe anayechinjwa. Ruhusa imekuja pamoja na sharti. Tumezoea kunukuu nusu yake.

Kuna suala la kuiamini KWS pia. Mwaka 2018 iliwahamisha vifaru weusi 11 kutoka Nairobi na Nakuru hadi Tsavo Mashariki. Maji ya huko yalikuwa na chumvi nyingi. Kumi wakafa, na wa kumi na moja akashambuliwa na simba, naye akafa. Najib Balala, mtoto wa Mombasa, aliyekuwa waziri wa utalii na wanyamapori wakati ule, aliwasimamisha kazi maafisa kadhaa. Hao ni vifaru, wanaolindwa kwa bunduki na kuhesabiwa mmoja mmoja. Lakini pia ni shirika hilohilo lililoshirikiana na wavuvi, Desemba 2004, kumnasua kwa nyavu mtoto wa kiboko aliyekwama baharini karibu na Malindi, akaletwa Haller Park hapa Bamburi na kufanya urafiki na kobe mzee. Uwezo wa kujali upo. Kifaru na kiboko wana wa kuwalilia. Kwa kunguru, atakayehesabu ni nani?

Hesabu yenyewe ndiyo kiini cha utu hapa. Kenya iliwahi kuwaua kunguru kwa sumu hiihii, idadi ikashuka, kisha uagizaji ukasimamishwa katikati ya miaka ya 2000, wakajaa upya. Wale wote waliokufa kwa figo walikufa bure. Kuua nusunusu ni ukatili mkubwa kuliko kuua mpaka mwisho, kwa sababu humlazimu mtu aje aue tena, na tena. Na haitafika mwisho huku matumbo ya samaki yakimwagwa nyuma ya soko, huku jaa la Mwakirunge likiwa karamu ya kila siku. Pipa lenye kifuniko lingepunguza kunguru bila kumtesa hata mmoja. Hiyo ni kazi ya kaunti, si ya KWS, na ndipo kila ofisi hupata pa kumsukumia mwenzake.

Msimamo wangu, basi: naunga mkono sumu, kwa uzito moyoni, ikiwa taka zitashughulikiwa wakati uleule, ikiwa chambo kitalindwa na mabaki yake kuondolewa, ikiwa mizoga itaokotwa na kuhesabiwa, na ndege wengine waliokufa watangazwe pamoja na kunguru. Katiba yetu, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi, na hapa ushiriki si mkutano wa hotelini. Kuku na njiwa ni miongoni mwa ndege ambao Starlicide huwadhuru. Jirani ya shangazi anafuga njiwa juu ya dari, zaidi ya thelathini, na kila asubuhi huwaachilia waruke mpaka Marikiti na kurudi. Nilipomweleza haya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa nitawafungia siku gani?"