Hoteli ya Ulaya, Nenda na Kopo Lako

Wenzangu pale kijiweni wakisikia mtu amelala hotelini Ulaya, wanameza mate. Kichwani mwao kuna godoro la kuzama, kijana wa kubeba mabegi, na chai inaletwa mlangoni kabla hujafikicha macho. Nawaacha wameze. Ila akitokea mtu mwenye safari ya kweli, huyo namvuta pembeni. Namwambia, ndugu yangu, kule unalipa pesa nyingi ili uwe mhudumu wa nafsi yako.

Na mimi wala sikuomba hoteli. Mpwa wangu anaishi Almere, Uholanzi, si mbali na Amsterdam kwa treni, na ndiye aliyenialika. "Shikamoo mjomba, njoo utuone, mtoto anakuulizia." Marahaba, nikasema, nakuja. Tiketi ilipokwisha kukatwa ndipo akakohoa. "Mjomba, kwetu vyumba ni viwili, na mama mkwe yupo. Tumeona hotelini utastarehe zaidi." Mtoto niliyembeba mgongoni huyo! Haya, tukatafuta hoteli.

Hata kabla hujaiona hiyo hoteli, imeshaanza kukula. Visa ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, inataka uonyeshe utalala wapi, inataka bima isiyopungua euro 30,000, na ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 ambazo hazirudi hata ukinyimwa. Kwa hiyo usilipie chumba chote mapema kwa furaha. Chukua kile kinachokuruhusu kughairi bure mpaka siku za karibuni na safari, hata kama kimezidi bei kidogo. Visa ikigoma, angalau unalia mara moja tu.

Sasa nije kwenye ngazi.

Nyumba za kando ya mifereji ya Amsterdam ni nyembamba na ndefu kwenda juu. Wenyewe wanasema zamani kodi ilipimwa kwa upana wa mbele, basi kila mtu akajibana mbele akajitanua nyuma. Sawa, ujanja wa kukwepa kodi tunauelewa. Lakini nyumba nyembamba haina nafasi ya ngazi ya kistaarabu. Ngazi imesimama wima, vidato vyenyewe nusu ya kiatu, na pembeni unashikilia kamba. Ukiinua macho utaona kule juu, kwenye pembe ya paa, boriti imetokeza na ndoana yake. Ile ni ya kuvutia fanicha zipitie dirishani. Yaani kabati linapandishwa kwa kamba kwa heshima zote, halafu mzee mwenye presha anapanda kwa magoti.

Kijana wa mapokezi akanipa kadi ya chumba, ghorofa ya nne. Nikamuuliza, "Mwanangu, lifti iko upande gani?" Akatabasamu akasema jengo hili ni la kihistoria, hairuhusiwi kulivunjavunja. Nikamwambia na mimi ni wa kihistoria, mbona mimi mnanivunja? Hakucheka. Akaniongezea kuwa juu mandhari ni nzuri sana.

Kwa hiyo sikiliza. Kabla hujalipa, usitazame picha ya kitanda, kitanda kila hoteli inacho. Tafuta kama wameandika lifti. Hawajaandika? Jua haipo. Waandikie uombe ghorofa ya kwanza au ya pili, useme una magoti mabovu, na magoti mabovu si uongo, utakuwa nayo ukishafika. Na begi liwe dogo. Mama watoto alinifungia begi la kwenda kuhamia, ndani yake sembe, majani ya chai, tangawizi, suti ya harusi ya mtu nisiyemjua. Nilipofika ghorofa ya tatu nilikaa juu yake nikamtajia jina lake lote mpaka la babu.

Halafu kuna suala la saa. Ndege za usiku kutoka kwetu zinakumwaga Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, asubuhi, macho mekundu, shingo imepinda. Treni ya kwenda Amsterdam Centraal, stesheni ya katikati ya jiji, ni kama robo saa tu, usidanganywe na teksi. Unafika hotelini saa mbili asubuhi unataka kujitupa, unaambiwa chumba ni saa tisa alasiri. Saa tisa! Na siku ya kuondoka wanakutoa saa tano asubuhi. Hesabu mwenyewe kama hiyo ni siku. Dawa yake ni kuwaachia mabegi mapokezi, kwa kawaida hawatozi, na kuwauliza kwa upole kama kipo chumba kilichosafishwa mapema. Mara nyingine kipo. Ila kwenye mkoba wa mkononi uwe na shati safi, mswaki, dawa zako na kandambili, maana utazurura mjini nusu ya siku. Ukizurura, usikanyage njia nyekundu. Ile ni ya baiskeli, na mwendesha baiskeli wa Amsterdam hapigi breki kwa ajili ya mgeni.

Bei? Bei uliyoiona kwenye simu ilikuwa salamu tu. Jiji la Amsterdam tangu 2024 linatoza kodi ya watalii asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Chumba cha euro 160 kinazaa euro 20 kila usiku, na ukiuliza unaambiwa ni jiji, si sisi. Juu ya hapo, hoteli nyingi zinashikilia kiasi fulani kwenye kadi yako mpaka uondoke, wasije wakakuta umeng'oa bomba. Noti zako ulizozikunja ndani ya soksi wanazitazama kwa huruma, sehemu nyingi hawazipokei kabisa. Nenda benki kabla ya safari, wafungulie kadi itumike nje, na uache akiba ya kutosha mle. Si pale unasimama kaunta, kadi inakataa, na nyuma yako foleni ya Wajerumani wanapumua.

Chumbani, taa haziwaki mpaka uchomeke ile kadi ya mlango kwenye kitundu ukutani. Umeme wenyewe ni wa tundu mbili za mviringo, na chaja yako ina meno matatu ya mraba ya Mwingereza. Watu wote watakwambia beba adapta. Mimi nakwambia beba adapta moja na ekstensheni moja ya Kariakoo. Adapta inaingia ukutani, ekstensheni inaingia kwenye adapta, halafu simu zote, tochi, mashine ya ndevu na simu ya jirani zinachajiwa pamoja. Usichomeke pasi wala birika humo lakini, usije ukaichoma hiyo historia yao. Na adapta ikipotea, tazama nyuma ya runinga, mara nyingi kuna tundu la waya wa simu.

Kitanda cha watu wawili ni magodoro mawili yaliyosukumwa pamoja, katikati mfereji wao mwingine. Shuka ya kujifunika hamna, kuna duveti nene la kukutoa jasho. Ndiyo maana nasema kikoi kisikose kwenye begi. Kiangazi nyumba za zamani nyingi hazina kiyoyozi wala feni. Mapokezi huwa na feni mbili tatu stoo, na anayezipata ni aliyeomba mapema, si aliyekuja analalamika usiku. Ukifungua dirisha anaingia mbu. Ndiyo, mbu! Mifereji yote ile ulidhani wanafuga nini? Uholanzi ilitangazwa haina malaria mwaka 1970, kwa hiyo mbu wao hana ugonjwa, ila wimbo wake ni ule ule wa Mbagala, na chandarua hakuna. Nimesafiri kilomita elfu kadhaa kwenda kupigana makofi mwenyewe gizani.

Gizani nasema kwa mazoea tu. Mwezi wa sita jua linazama saa nne usiku! Maghrib saa nne, Isha inakaribia saa sita, ukijinyoosha kidogo Alfajiri hiyo, imefika. Kibla ni kusini mashariki, nimekusaidia. Usingizi sasa utapata wapi, hilo siwezi kukusaidia, labda uombe chumba chenye pazia zito na ubebe kitambaa cha kufunga macho. Na uombe chumba cha nyuma, kinachotazama uani. Cha mbele kina mandhari, ndiyo, lakini mandhari hayo yana tramu inayopiga kengele, vijana wanaosindikiza bwana harusi kwa nyimbo za ulevi, na masanduku ya magurudumu yanakwaruza mawe tangu saa kumi na moja. Karibu na kanisa la Westerkerk kuna mnara unaokutangazia kila robo saa kwa muziki. Viziba masikio ni vya pesa ndogo dukani, nunua pea mbili.

Sasa naomba kinamama na watoto wasogee kidogo. Choo.

Watu hawa wamejenga nchi ambayo sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari. Schiphol penyewe ndege inatua chini ya bahari! Wamezuia maji, wameyasukuma, wameyachimbia mifereji, hakuna wanaoyajua maji kuwashinda. Lakini chooni? Karatasi. Maji yote yamezunguka nyumba, humo ndani hakuna hata tone. Hakuna kopo, hakuna mpira, hakuna kibomba. Wataliano ndio watu, sheria yao ya 1975 inataka kila nyumba iwe na bide, kile kibeseni cha kujisafishia kwa maji. Ukikata tiketi ya Roma nenda kwa amani. Kwa wengine wote, nunua maji ya chupa ya nusu lita siku ya kwanza, kunywa, chupa isitupwe. Hiyo ndiyo rasilimali yako.

Nikaiweka vizuri pembeni ya sinki. Mpwa wangu akaja kunitembelea, akaingia chooni, akatoka nayo mkononi. "Mjomba, hii ina amana ya senti 15, ukiirudisha dukani wanakupa." Tangu 2021 ndivyo wanavyofanya kwa chupa ndogo za plastiki. Nikamwambia mwanangu, rudisha hiyo chupa ulikoitoa. Akasema ni senti 15 lakini. Nikamwambia hata wakitoa 1,500. Kumbe mtoto amekaa Ulaya miaka mingi hivyo mpaka amesahau alikotoka! Bafu nalo lina nusu ya kioo tu, nusu nyingine ni imani, kwa hiyo tandika taulo chini kabla ya kufungua maji, na uvae kandambili.

Asubuhi unashuka kifungua kinywa. Ngazi zile zile, kurudi nyumanyuma. Meza ni ndefu na kila kilichopo ni cha baridi. Jibini ya njano, jibini ya njano kidogo, nyama za rangi ya waridi ambazo usiziguse mpaka uulize, maana nyingi ni nguruwe. Mkate wa mbegu unaokwaruza koo. Mbele yangu alikaa baba mzima, tai shingoni, akapaka mkate siagi, halafu akaumwagia chembechembe za chokoleti juu, akala akiwa ametulia kabisa. Wanaita hagelslag, wanakula tangu utotoni hawaachi. Nikauliza chai, nikaonyeshwa maji ya moto na pakiti. Maziwa? Baridi, kwenye kikombe cha kidole. Huwezi kuita ile chai mbele ya mtu wa Tanga. Hapo ndipo tangawizi ya mama watoto iliponifaa, Mungu ampe maisha marefu, nikayafuta na yale ya kwenye ngazi. Ila chumbani birika hamna, hiyo uliza mapokezi, wengine wanalo la kuazima.

Kama kifungua kinywa hakimo kwenye bei ya chumba, kiache. Nenda soko la Albert Cuyp, lipo tangu 1905, Jumapili tu ndiyo limefungwa. Pale na mitaa ya jirani Wasuriname wanauza roti, roti kweli, na kuku wa mchuzi, viazi, na pilipili inayojua kazi yake. Uholanzi iliitawala Suriname, kule Amerika Kusini, mpaka 1975, na mimi kwa ukoloni sina la kusifia, lakini hao waliovuka na sufuria zao wamenisitiri. Tumbo likatulia, nikaanza hata kuwasalimia watu.

Maji ya kunywa usinunue tena, chupa moja ya kazi maalumu inatosha. Ya bombani ni salama, Amsterdam wanakunywa maji yaliyochujwa kwenye vilima vya mchanga vya pwani tangu 1853. Na lile friji dogo chumbani ulipite kana kwamba hulioni. Siku ya kuondoka waliniletea bili ina maji, euro nne na nusu, kwa chupa niliyoitoa humo ili niweke insulini ya rafiki wa mpwa wangu ipate ubaridi. Sikuifungua! Nikawapandisha wenyewe ghorofa ya nne wakaihesabu. Alikwenda yule kijana wa mandhari. Alirudi anahema, akafuta deni.

Jioni ikaingia ujumbe kwenye simu, hoteli wanaomba niwape nyota na maoni. Mpwa wangu akasema atanisaidia kuandika. Nikamwambia andika: vijana wana adabu, mashuka masafi, ngazi ni jinai, chai hakuna, feni waongeze, na chooni waweke kopo.

"Mjomba, nafasi haitoshi, wanataka maneno machache."

Andika kopo.